Mafundi Wajibu: Betri ya gari linalolala zaidi ya kutembea

Barua za mwezi huu zinafanana: gari lipo, halitembei, na betri inakufa. Tumezijibu pamoja, kwa sababu jibu la mmoja linamgusa na mwingine.

Shikamooni mafundi. Nina Toyota IST. Natoka nayo Jumapili kwenda kanisani na siku za misiba, siku nyingine napanda daladala. Ndani ya miaka minne nimenunua betri tatu za NS60, kila moja inakufa baada ya mwaka na kidogo. Kila asubuhi kijana wangu analiwasha dakika kumi "lipashe moto". Alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, imepimwa, inatoa volti 14.2. Ninunue betri kubwa zaidi, au ile ya bei isiyofunguliwa mifuniko?
*Mama wa IST, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba mama. Kabla hujatoa hela tena, tupige hesabu. Gari likiwa limezimwa na kufungwa bado kuna vitu vinakula umeme: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, kipokezi cha rimoti. Kwa gari lisilo na hitilafu, jumla yake huwa kati ya miliampia 20 na 50. Tuchukue 40. Kwa saa 24 zinakaribia ampia-saa 1, yaani ampia moja ikitoka kwa saa moja. Kwa wiki, karibu 7. NS60 yako ina ampia-saa 45 tu ikiwa mpya na imejaa.

Sasa tazama kinachorudi. Betri iliyokaribia kujaa haipokei umeme kwa pupa. Hata alteneta ikiwa na uwezo wa ampia 70, betri yenyewe itavuta ampia kumi hivi mwanzoni, kisha nne, kisha tatu. Safari ya kanisani kwenda na kurudi, dakika 40 kwenye foleni huku kiyoyozi kinafanya kazi, itarudisha ampia-saa 4 au 5. Zimetoka 7. Jumapili ijayo hivyo hivyo. Alteneta yako ni nzima kabisa, ila haipewi muda wa kutosha.

Zile dakika kumi za asubuhi zinadanganya zaidi. Kuwasha kwenyewe hakuna gharama kubwa: selfu, mota ya kuwashia injini, inavuta ampia 150 au zaidi, lakini kwa sekunde mbili tatu, jumla isiyofika ampia-saa 0.2. Tatizo ni kwamba dakika kumi za sailensa, injini ikizunguka gari limesimama na betri ikiwa robo tatu, zinaingiza kidogo tu, wakati siku nzima imekula karibu ampia-saa moja. Kwa hiyo gari linawaka kila asubuhi na wewe unaridhika, kumbe betri inaishi robo tatu, nusu, robo tatu, na haijai hata siku moja. Betri ya risasi na asidi inauawa na maisha ya namna hiyo. Kila inapotoa umeme, bamba zake hupata utando wa sulfeti ya risasi. Utando mpya ni laini na hurudi kuwa asidi betri inapochajiwa. Ukiachwa wiki kadhaa unageuka fuwele ngumu zisizorudi tena, na eneo la bamba linalofanya kazi linapungua. Joto la Dar linaharakisha yote hayo. Isitoshe, injini inayowashwa dakika kumi na kuzimwa kabla haijapata joto vizuri inajaza maji kwenye bomba la moshi na petroli kidogo kwenye oili. Mwambie kijana aache.

Betri kubwa itachelewesha kifo kwa miezi michache, basi. Ile isiyofunguliwa, ya kalsiamu, ina faida moja ya kweli kwa gari kama lako: ikiwa imesimama bila kuunganishwa, hujimaliza yenyewe polepole kuliko ya mifuniko. Lakini kwenye gari yako haijimalizi, inamalizwa. Tena ikishushwa mpaka chini kabisa, ya kalsiamu ni ngumu zaidi kurudi.

Tungefanya hivi. Nunua NS60 nyingine nzuri, ya kalsiamu. Siku hiyo hiyo mwambie fundi umeme afunge swichi ya kukata betri kwenye teminali ya hasi, ile ya shaba yenye kitasa cha kuzungusha. Jumapili ukirudi, zungusha kitasa, gari limekatika. Utapoteza saa na stesheni za redio, na alamu ya kubandika haitalia, ila kinga ya ufunguo iliyotoka na gari kiwandani itaendelea kuzuia injini isiwake. Kitasa kikaze vizuri. Kikilegea kinapata moto wakati wa kupiga selfu na gari linagoma kana kwamba betri imekufa.

Betri iliyokatwa hivyo hupoteza ampia-saa 2 au 3 kwa mwezi mzima, na safari zako za Jumapili zinazilipa bila shida. Ukiweza, ongeza chaja ndogo ya ampia 4 au 5 inayojipunguza yenyewe, na mara moja kwa mwezi iache ifanye kazi usiku kucha. Hilo tu. Betri ya namna hii inaweza kukufikisha miaka minne.

Nunua na mita ya umeme ya bei ndogo. Gari likiwa limelala usiku mzima, pima kwenye nguzo za betri: 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, 11.8 imekwisha. Ukikuta chini ya 12.4, chaji siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili.

Mafundi, habari za kazi. Nina Noah, betri ina miezi mitatu tu. Likilala siku tatu, asubuhi ya nne selfu inafanya tik-tik-tik. Fundi wangu anasema nimeuziwa betri feki.
*Msomaji, Mwanza*

Njema, kaka. Huenda fundi yuko sahihi, ila usimrudie muuzaji kabla hujatenganisha kesi mbili. Chaji betri mpaka ijae, ichomoe hasi usiku mzima, pima asubuhi, iache hivyo hivyo siku tatu, pima tena. Ikibaki 12.6, betri haina kosa. Gari ndilo linaloinywa. Ikishuka yenyewe mpaka 12.2 bila kuunganishwa, beba risiti.

Kama ni gari, tafuta uvujaji hivi. Zima kila kitu, toa ufunguo. Fungua mlango wa dereva ili ufikie boksi la fyuzi, kisha sukuma komeo la mlango kwa bisibisi mpaka lijifunge, gari lidhani mlango umefungwa na taa ya ndani izime. Boneti ibaki wazi. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, geuza kitasa kwenye ampia za DC. Legeza nati ya hasi kwa spana namba 10. Kabla ya kuinua kibano, shikiza ncha moja ya mita kwenye nguzo na nyingine kwenye kibano, ndipo uinue, ili umeme usikatike hata kidogo. Ukikatika, kompyuta za gari zinaamka upya na kukupa namba kubwa ya uongo. Ngoja dakika 20 hadi 30 zilale. Usigeuze ufunguo wala kupiga selfu mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita.

Ukisoma 0.03 au 0.05, gari ni zima. Ukisoma 0.3, umemkamata mwizi: hiyo ni ampia-saa 7 kwa siku, 22 kwa siku tatu. Chomoa fyuzi moja moja, rudisha, endelea, mpaka ile ambayo ukiichomoa namba inaanguka.

Wa kwanza wa kushukiwa ni redio ya kubandika. Chomoa redio utazame nyuma: waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa umeme wa ufunguo. Wafungaji wenye haraka huzisokota pamoja na kuzifunga tepu, redio inawaka vizuri, mteja anaondoka, na tangu siku hiyo redio haizimiki kabisa. Zitenganishe, nyekundu ipeleke kwenye umeme wa ufunguo. Wanaofuata ni amplifaya ya buti, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, taa ya buti isiyozimika na rilei (swichi ya umeme) iliyoganda. Fyuzi zote zikichomolewa na namba haishuki, ondoa waya mnene wa nyuma ya alteneta, ufunge tepu usiguse bodi. Namba ikianguka hapo, dayodi ya alteneta, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, imevuja.

Na hata baada ya kutibu uvujaji, betri iliyolala tupu mara kadhaa imeumia. Ichaji ijae, kisha mtu apige selfu wewe ukiangalia mita: ikishuka chini ya volti 9.6 wakati injini inazungushwa, hiyo imekwisha.

Fielder yangu ina betri iliyoandikwa 46B24L. Duka moja wanipa 55B24L, jingine NS60LS, la tatu 75D23L wakisema "hii itakaa zaidi". Gari latoka mara mbili kwa mwezi kwenda Kilifi.
*Msomaji, Mombasa*

Namba hizo ni za mtindo wa Kijapani na zinasomeka. Ile ya mwanzo, 46 au 55, ni daraja la nguvu. Kubwa ni bora, na haidhuru gari. Herufi ni upana na kimo: B ina upana wa milimita 129, D ina 173. Namba inayofuata ni urefu kwa sentimita, 24 au 23. Herufi ya mwisho ni upande wa nguzo. Geuza betri ili nguzo ziwe karibu nawe: L ina chanya kulia kwako, R ina chanya kushoto. Ukichukua R badala ya L, waya hazitafika, na ukizivuta kwa nguvu hatari ni kuziunga kinyume, jambo linalounguza fyuzi kuu na dayodi za alteneta kwa sekunde moja.

NS60L ni jina la zamani la 46B24L. S ya mwisho inamaanisha nguzo nene. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama: nguzo nyembamba ya chanya ina kipenyo cha milimita 15 hivi, nene ina 19 na nusu. Vibano vya gari lako ni vya nyembamba. Kibano chembamba kinachopigwa nyundo kiingie kwenye nguzo nene hupasua muhuri wa nguzo na asidi inaanza kutoka pale. Kinyume chake, kibano kinene kwenye nguzo nyembamba, kinatibika kwa pete ya risasi inayouzwa madukani. Usitumie kipande cha kopo la soda.

Kwa hiyo chukua 55B24L. Ile ya D23 ni pana zaidi kwa sentimita nne na nusu. Kama sinia ya gari haina nafasi hiyo, betri itakaa juu ya ukingo na kamba ya kushikilia haitafika. Betri inayorukaruka barabarani hudondosha chembe za bamba chini na seli inajipiga shoti. Kwa safari mbili za Kilifi kwa mwezi, kinachokupa umri ni chaja au kukata hasi, kama tulivyomweleza mama wa Tabata.

Gari likiwa la kujizima kwenye mataa, hesabu ni nyingine: betri yake imeandikwa M-42, N-55, Q-85 au S-95. Vipimo vyake ni vya B20, B24, D23 na D26 kwa mfuatano huo, lakini ndani imeimarishwa. Ukiweka ya kawaida itaingia vizuri na kufa mapema.

Dukani, dai mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni tarehe ya kutengenezwa, iliyogongwa kwenye plastiki au nguzo. Zaidi ya miezi sita rafuni, omba nyingine. La pili ni mita. Betri mpya iliyojaa asidi lazima isome 12.5 au zaidi. Chini ya 12.4 tayari imeanza kuota sulfeti kabla hujaifikisha nyumbani. Lile jicho la kijani usiliamini sana, linaona seli moja tu kati ya sita. Ukiuziwa betri kavu inayotiwa asidi mbele yako, iache itulie nusu saa, kisha ichajiwe kwa ampia 4 au 5 kwa saa kadhaa kabla ya kufungwa. Muuzaji akisema "gari litajaza lenyewe", hilo ndilo gari ambalo halitajaza.

Betri yangu ya mifuniko imepungua maji. Fundi anataka kuongeza asidi mpya "ipate nguvu".
*Msomaji, Morogoro*

Mkatalie. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki. Ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa, yasiwe ya bomba wala ya chupa ya kunywa, mpaka alama ya juu kwenye kasha, au milimita 10 hivi juu ya bamba. Kama bamba ziko wazi, zifunike kwanza, chaji, kisha malizia kiwango. Ukijaza kabla ya kuchaji, itafurika na kula sinia ya gari. Asidi ikiongezwa inaonyesha namba nzuri kwenye haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) siku moja, halafu inakula bamba.

Kwa wenye haidromita: soma seli zote sita. Ikiwa seli moja iko chini ya nyingine kwa 0.05 au zaidi, kwa mfano tano zina 1.25 na moja ina 1.19, hata baada ya kuchaji usiku kucha, usihangaike tena.

Nina Prius, nimesafiri wiki tano, nimerudi halifunguki wala haliwaki. Niweke betri ya kawaida ya volti 12?
*Msomaji, Nairobi*

Hapana. Kwenye Prius nyingi betri hiyo ndogo iko nyuma, ndani ya kabini mnamokaa watu, na ni ya aina ya AGM (iliyozibwa, asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo) yenye mrija wa kutoa gesi nje. Kibandiko chake husoma S34B20R au S46B24R. Ya kawaida inatoa haidrojeni mle ndani.

Kwa sasa, toa ufunguo wa chuma uliofichwa kwenye rimoti, fungua mlango wa dereva, vuta boneti. Buti halitafunguka kwa sababu kufuli lake ni la umeme. Ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti kuna kifuniko chekundu. Chini yake ndipo chanya ya kubusti, yaani kuwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine, na hasi unaishika kwenye chuma kisicho na rangi. Likikubali, liache kwenye READY, yaani limewashwa tayari kutembea, mahali penye hewa, saa nzima au zaidi. Injini itajiwasha na kujizima, ni kawaida. Kuliacha kwenye ACC, hatua ya redio tu, hakuchaji chochote, kunamaliza.

Asalaam aleikum. Nafanya kazi Maskati. Kila mwaka Juni hadi Agosti naenda Unguja, Prado inabaki kwenye maegesho ya chini ya jengo. Nikirudi, betri imelala. Nimeambiwa ninunue paneli ndogo ya sola niweke kwenye dashibodi.
*Msomaji, Maskati*

Wa aleikum salaam. Kwenye maegesho ya chini hakuna jua, kwa hiyo sahau sola. Hata gari likiwa nje, paneli nyingi huja na plagi ya tundu la kuwashia sigara, na kwenye Toyota nyingi tundu hilo linakatika ufunguo ukitoka. Paneli inawaka taa yake ya kijani, betri haipati kitu. Anayetaka sola aunge moja kwa moja kwenye betri, kupitia kidhibiti na fyuzi, paneli ya wati 10.

Wewe kata hasi. Siku mbili kabla ya safari, chaji betri ijae kwa chaja ya ukutani. Usitegemee safari ya uwanja wa ndege. Kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya betri kujimaliza huongezeka karibu mara mbili, kwa hiyo wiki kumi za kiangazi cha Maskati ni ndefu kuliko zinavyoonekana. Ikianza na 12.7 na hasi imekatwa, utaikuta imeshuka lakini inawasha. Ikianza na 12.3, utaikuta imekufa.

Fungua hasi kwanza, na siku ya kurudi ifunge mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi unapata cheche kubwa jirani na gesi ya betri. Kibano ulichokitoa kifunge kitambaa kisirudi kugusa nguzo. Funga milango kwa ufunguo wa chuma. Ukirudi na kuunganisha, vioo vya kujifunga vyenyewe huenda vikahitaji kufundishwa upya: shusha mpaka chini, pandisha mpaka juu na ushikilie swichi sekunde chache. Sailensa ikitetemeka dakika za mwanzo, iache injini ijipange. Halafu ichaji tena ukutani kabla ya kuanza mizunguko ya kazini.

Kama siku moja utapata soketi karibu na gari, chaja ya kuachwa imeunganishwa ni bora kuliko kukata. Kwa joto la nyuzi 40, volti zake za kushikilia zisizidi 13.3 au 13.4, la sivyo itakausha betri. Wenye nyumba za umeme wa kukatika, Dar au kwingineko, wahakikishe jambo moja zaidi: chomoa chaja ukutani, rudisha, uone kama inaendelea yenyewe. Nyingi za vitufe husimama zikisubiri ubonyeze tena, na mwenye gari anarudi baada ya mwezi akikuta chaja inapepesa taa na betri tupu.

Je, betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji inaisha moto?
*Msomaji, Tanga*

Haiishi. Kasha la plastiki halipitishi umeme. Inaisha kwa sababu imekaa bila kuchajiwa.

Fundi wangu hupima alteneta kwa kuchomoa teminali ya betri injini ikiwa inaunguruma. Isipozima, anasema alteneta nzima. Ni sawa?
*Msomaji, Arusha*

Ilivumilika kwenye magari ya zamani ya dainamo. Kwenye gari lenye kompyuta, betri ndiyo inayomeza mishtuko ya volti ya alteneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaweza kuruka mara kadhaa juu ya 14, na kinachoungua ni kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, bei yake betri kumi. Mita inatosha: injini ikiwa inaunguruma, taa kubwa na feni zimewashwa, nguzo za betri zisome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa 12.5 na inashuka, alteneta au mkanda wake una tatizo. Ikipita 14.8, regyuleta (kidhibiti cha volti cha alteneta) imekufa na itachemsha betri mpya utakayonunua.

Na likibidi kubusti: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Ngoja dakika tano kabla ya kupiga selfu. Likiwaka, toa waya kwa kurudi nyuma ya mpangilio huo, halafu usiku uichaji kwa chaja. Kuendesha mpaka sokoni na kurudi hakutaijaza.